Watoto wa awali wanasema "jua limekunywa maji". Niwaache au niwasahihishe?

Mwalimu_wa_Awali
Wakuu habari zenu. Nafundisha darasa la awali hapa Morogoro, watoto wa miaka 5 na 6. Juzi mvua imenyesha usiku, asubuhi tukakuta kidimbwi kwenye sakafu ya saruji mbele ya darasa. Nikawapa chaki, wakakizungushia mstari pembezoni. Kila tukitoka nje tunachora mstari mwingine, maana maji yanarudi ndani. Kufikia muda wa uji pana mistari inayofuatana na katikati pamebaki maji kama ya sahani.

Nikauliza: maji yamekwenda wapi? Majibu yao: "Jua limeyanywa." "Yamezama chini." "Kuku wamekunywa." Mmoja akasema, "Yameisha tu."

Hakuna aliyesema yapo hewani. Na mimi naona hili la "yameisha" ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mtoto akikubali kwamba kitu kinaweza kuisha hivi hivi bila kwenda popote, sayansi yote inayokuja mbele itamsumbua. Lakini nitamwonyeshaje mtoto wa miaka 5 kitu kisichoonekana? Na hilo la jua kunywa maji, niliache au nilikemee?

BabaPacha
Mwalimu, bandika birika jikoni wauone mvuke. Maji yakifika nyuzi 100 yanageuka gesi. Mtoto anaona kwa macho yake, somo limeisha.

Kipimajoto
BabaPacha, mkuu wangu, hicho kidimbwi cha mwalimu kilifika nyuzi 100 saa ngapi? Watoto si wangeungua miguu?

Tuweke sawa. Kuchemka ni jambo moja, maji kugeuka mvuke polepole ni jingine. Maji hutoka juu ya uso wake katika joto lolote, hata alfajiri yenye baridi. Yakichemka ndipo mvuke unapozaliwa mpaka chini kabisa, unapanda kwa mapovu. Na hiyo 100 yenyewe ni ya usawa wa bahari. Nairobi au Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 na kitu, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, ni kama 80 tu.

Ukianza na birika, mtoto ataondoka anaamini kwamba bila moto hakuna mvuke. Kisha atashindwa kuelewa nguo zinakaukaje kambani.

Bibi_wa_Hadithi
Mwanangu mwalimu, mwache mtoto na jua lake. Sisi tumekuzwa na hadithi, na tukaja kujua mambo. Mtoto anayesema jua limekunywa maji ameshaona mawili ya kweli: kwamba maji yameondoka, na kwamba jua linahusika. Hayo mawili si haba kwa miaka 5. Ukimkatiza, kesho hatafungua mdomo.

Mwana_wa_Pwani
Shikamoo Bibi. Naheshimu, ila naongeza. Mimi nimekulia karibu na mashamba ya chumvi, na pale somo hili linajifundisha lenyewe. Bahari inapojaa, maji yanaingizwa kwenye vidimbwi vipana visivyo na kina, mlango unafungwa. Jua na upepo vinafanya kazi. Maji yanaanza kuwa mazito, pembeni panaota ukoko mweupe, halafu siku moja unakanyaga na kusikia chembe zinavunjika chini ya nyayo. Watu wanakuja na majembe kukokota.

Kwa hiyo, mwalimu: chota maji ya bahari, au koroga chumvi kwenye maji ya kawaida, mimina kwenye sahani nyeusi, weka dirishani. Lita 1 ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, kwa hiyo hata kikombe kidogo kitaacha kitu cha kuonekana. Waulize: jua limekunywa maji, mbona limeacha chumvi? Hapo wataanza kufikiri wenyewe. Na swali linalofuata huwa linatoka kwa watoto, hulazimiki kulitoa wewe: mbona mvua haina chumvi, na maji yake mengi yametoka baharini?

BabaPacha
Uvinza chumvi inapatikana kwa kuchemsha maji ya chemchemi, watu wamefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 1,000. Kwa hiyo moto nao upo kwenye hii kazi. Birika langu nalitetea.

Kipimajoto
Sijalikataa, nimekataa kuanza nalo. Pia ukilitumia, kuwa makini na unachowaonyesha. Lile wingu jeupe linalotoka mdomoni mwa birika si gesi. Ni matone madogo sana ya maji yaliyokwisha kupoa. Ukitazama vizuri, kati ya mdomo wa birika na pale wingu linapoanza pana nafasi ndogo kama kidole, tupu, huoni kitu. Pale ndipo gesi ilipo. Sasa mwalimu anaelekeza kidole kwenye wingu na kusema "hii ndiyo gesi ya maji", na mtoto anabeba hilo mpaka sekondari.

Na watoto wakae mbali. Mvuke unaunguza vibaya kuliko maji yale yale yanayochemka, kwa sababu ukigusa ngozi unageuka maji na kuachia joto lote ulilobeba. Kilo 1 ya maji, kuitoa nyuzi 20 hadi kuchemka unatumia kilojuli 335 hivi. Kuigeuza yote mvuke unahitaji 2,260 nyingine.

Mama_Saumu
Takwimu hizo mwachie mwenyewe, Kipimajoto, hawa ni watoto wa awali 😂 Ila la kuwaweka mbali na birika naunga mkono kwa mikono miwili.

Mimi nina njia ya glasi. Chukua glasi 2 zinazofanana, maji sawa, chora mstari kwa makapeni. Moja ifunike, nyingine iache wazi. Kila asubuhi mtoto mmoja wa zamu anachora mstari mpya. Baada ya siku kadhaa iliyo wazi imeshuka, iliyofunikwa bado. Lakini jiandae: watasema paka kanywa. Kwangu walisema hivyo na walishikilia msimamo! Nikafunika ile ya wazi kwa kipande cha chandarua na kukifunga kwa mpira. Paka hawezi kupitisha ulimi, ila maji bado yakashuka. Wale watetezi wa paka wakanyamaza, mmoja akahamia kwa mbu.

Na iwe glasi, isiwe chombo cha udongo. Cha udongo kweli kinanyonya maji, kwa hiyo mtoto akisema "yamezama kwenye chombo" hana kosa.

Teacher_Wa_Kitui
Vizuri sana Mama Saumu. Huku Kenya, darasa la PP2 (mwaka wa pili wa awali), mimi huongeza sahani: maji ya kikombe kimoja kwenye sahani pana, maji yale yale kwenye glasi ndefu. Sahani inakauka haraka, watoto wanaona kwamba maji yanatokea juu, kwenye uso.

Msomaji_Mkimya
Hapo angalieni. Jean Piaget, yule Mswisi aliyewachunguza watoto, alionyesha kwamba chini ya miaka 7 hivi watoto wengi huamini glasi ndefu ina maji mengi kuliko chombo kipana, hata kama amekuona ukiyamimina. Kwa hiyo mtoto wa miaka 5 atakuambia sahani imekauka mapema kwa sababu ilikuwa na maji machache tangu mwanzo. Jaribio ni zuri, ila kwa umri huo utakuwa unafundisha mambo mawili kwa mpigo, na lile la pili ndilo gumu zaidi.

Teacher_Wa_Kitui
Ndiyo maana natumia kikombe kimoja cha kupimia na mtoto mwenyewe ndiye anamimina. Darasani kwangu linafanya kazi. Piaget hakukutana na watoto wa Kitui wanaopimiwa maji kwa mtungi wa lita 20, hao wanajua kiasi mapema mno.

Binti_Ubao
Nyote mnasubiri siku kadhaa. Mtoto wa awali akilala usiku mmoja ameshasahau mlianzia wapi.

Chovya kidole kwenye maji, andika herufi ubaoni, ule ubao mweusi wa kawaida. Inang'aa, halafu inaanza kufifia kutoka pembeni, mkia wa herufi unabaki mwisho kwa sababu ndipo tone lilipokusanyika. Haifiki hata kuimba wimbo mmoja, imeondoka. Kisha futa ubao kwa kitambaa kibichi, gawa katikati. Upande huu watoto wapepee kwa madaftari, upande ule wasiguse. Wanapiga kelele kama wako uwanjani. Jua halijaingia darasani, moto hakuna, kuku hayupo, na ubao haunyonyi maji kiasi hicho. Amebaki nani? Hewa.

Mwalimu_wa_Awali
Binti_Ubao asante, hili nimelifanya leo leo. Walipenda kupita maelezo. Ila sasa wamehama kutoka "jua limekunywa" kwenda "upepo umeyabeba". Nikauliza umeyapeleka wapi, wote: "Mawinguni!" Kana kwamba yamepaa moja kwa moja kupitia bati.

Fundi_Chembe
Tatizo ni kwamba mnakwepa kuwaambia ukweli wenyewe. Maji yameundwa na chembe ndogo mno. Cheza nao: watoto wasimame wamebanana wameshikana mikono, hao ni maji. Piga ngoma polepole, wanatikisika. Ongeza kasi, wale wa pembeni wanaachia mikono na kukimbilia uwanjani. Hao ni gesi. Hawajapotea, idadi ni ile ile, wametawanyika tu. Tena wa pembeni ndio wanaotoka kwanza, kama ilivyo kwenye maji halisi. Mchezo huo mtoto hausahau.

Bibi_wa_Hadithi
Atakumbuka kukimbia. Atakumbuka kwamba ni maji? Sina hakika, mjukuu wangu.

Msomaji_Mkimya
Naelemea upande wa Bibi. Mtoto wa miaka 5 ukimwambia chembe, anapata picha ya punje za mchanga zenye unyevu. Halafu anaanza kuamini kila chembe inavimba ikipata joto. Ni mapema. Waache waone, wachore, wabishane, maelezo yaje darasa la tatu au la nne.

Fundi_Chembe
Na wakifika la tatu watakuwa wameshakaa miaka kadhaa na "yameisha tu". Nani atakuja kung'oa hilo?

Dada_wa_Ilala
Naomba kuuliza nje kidogo ya mada. Kwetu Dar nguo inakaa kambani mpaka inanuka uvundo, nikienda Dodoma kwa mama mkwe nafua asubuhi, mchana naanua. Jua la Dar mbona ni kali tu?

Kipimajoto
Hujatoka nje ya mada hata kidogo. Hewa ya Dar tayari imebeba unyevu mwingi wa bahari. Chembe zinatoka kwenye nguo, lakini nyingine zinarudi kutoka hewani, kwa hiyo faida ni ndogo. Dodoma hewa ni kavu, zinazotoka nyingi, zinazorudi chache. Hapo ndipo ile hoja ya jua peke yake inapoanguka. Kanga iliyoachwa nje usiku wenye upepo mkavu itakauka, na jua liko upande wa pili wa dunia.

Mama_Saumu
Mwalimu, kuhusu "mawinguni". Dawa yake ni chupa ya soda ya baridi. Itoe kwenye friji uiweke mezani, wasubiri. Chupa inatoka jasho. Maji hayo yalikuwa humo humo darasani, hayakungoja kufika mawinguni.

BabaPacha
Watakwambia soda imevuja.

Mama_Saumu
Watasema, ndiyo. Kwa hiyo usitumie soda nyeupe. Weka juisi nyekundu ya rosela kwenye chupa ya kioo, funga vizuri, pozesha. Ikitoka jasho waambie wafute kwa karatasi nyeupe. Rangi iko wapi? Na kama una mizani ya jikoni, ifute chupa ikauke, iweke juu ikiwa imetoka tu kwenye friji, waangalie namba. Inapanda kidogo kadiri jasho linavyojikusanya. Chupa inayovuja haiongezeki uzito.

Fundi_Chembe
Hiyo ya mizani sikuwahi kuiwaza. Nzuri.

Muscat_Mwambao
Salamu kutoka Muscat. Hamjataja mtungi! Nyumbani Unguja bibi yangu alikuwa na mtungi wa maji ya kunywa uvunguni pa ngazi, hauna friji wala umeme, na maji baridi. Huku Omani kuna mwenzake, jahla, hufinyangwa Bahla, hutundikwa mahali penye upepo. Maji yanapenya kwenye udongo kidogo kidogo, yanafika nje yanageuka mvuke, na kila yanapoondoka yanachukua joto la yaliyobaki. Mtoto aguse mtungi kwa nje, asikie ubichi na ubaridi wake. Mohammed Bah Abba wa Nigeria aliweka chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, akahifadhi mboga zisiharibike, na mwaka 2000 akapata tuzo ya Rolex.

Dada_wa_Ilala
Mtungi Dar haupozi kama wa Dodoma, sasa nimejua kwa nini. Na ile pamba ya spiriti kabla ya sindano, ubaridi wake ni jambo hilo hilo?

Muscat_Mwambao
Hilo hilo. Spiriti inageuka gesi upesi kuliko maji, kwa hiyo inanyang'anya joto upesi. Na ina faida moja kwa mwalimu: harufu. Tone moja kwenye kisahani mbele ya darasa, anayesikia harufu anyooshe mkono. Mikono itapanda kuanzia wa mbele kwenda wa nyuma. Kitu hakionekani lakini pua inasema kipo. Marashi ya waridi yanafaa zaidi, spiriti usiwaachie watoto.

Teacher_Wa_Kitui
Wengine hutumia vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini kufukuza nondo. Vinapungua vyenyewe na chumba kizima kinanuka.

Mama_Saumu
HAPANA. Vile ni sumu na vinafanana na pipi kabisa. Na isitoshe havipiti kwenye umajimaji, kitu kigumu kinageuka gesi moja kwa moja. Utawachanganya. Petroli pia isisogezwe karibu na darasa, mvuke wake unashika moto ukiwa mbali na chombo.

Mwana_wa_Pwani
Nyongeza ndogo: funga mfuko wa plastiki unaoonyesha kwenye tawi lenye majani, mchana utakuta matone ndani.

BabaPacha
Mifuko gani tena mkuu, Tanzania imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya walitutangulia 2017. Tumia chupa kubwa ya maji iliyokatwa kitako, ingiza tawi, ziba kwa kitambaa.

Mzee_wa_Iringa
Nasoma uzi huu kwa furaha. Mnaongelea mvuke, hamjamtaja Erasto Mpemba! 1963, kijana wa Magamba Sekondari, anatengeneza aiskrimu. Akaweka maziwa ya moto kwenye friza bila kuyapoza, yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dkt. Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye akaenda kulijaribu. Wakaandika makala pamoja, 1969. Sababu ni mvuke: maji ya moto yanapoteza sehemu yake hewani, kinachobaki ni kichache, kinaganda upesi.

Kipimajoto
Shikamoo Mzee. Mvuke ni sababu moja inayotajwa, lakini chombo kikifunikwa je? Wengine wanasema ni mizunguko ya maji ya moto ndani ya chombo. Wengine gesi zilizoyeyuka ambazo hufukuzwa maji yakichemshwa. Wengine wanasema chombo cha moto kinayeyusha barafu ya kwenye rafu ya friza, kinagusana vizuri na ubaridi. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliitisha shindano la maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000.

Msomaji_Mkimya
Na 2016 wanafizikia wa Uingereza walipima kwa uangalifu, wakasema hawakuona athari yenyewe ikitokea kwa namna ya kuaminika. Wakaonyesha kwamba hata kuhama kidogo kwa mahali pa kipimajoto kunabadili matokeo.

Mzee_wa_Iringa
Marahaba. Wapime watakavyo. Kijana aliuliza alichokiona, akakataa kunyamaza, na dunia nzima bado inajibishana naye. Mwalimu wa awali, ndiyo maana nakuomba huyo wa kuku na huyo wa paka usiwakemee.

Msukuma_wa_Ziwani
Mnasahau kitu kikubwa kuliko vyote. Huku Mwanza waonyeshe Ziwa Victoria. Maji mengi yanayotoka ziwani hayapiti Jinja kwenda Nile, yanapanda hewani. Na mengi yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe kuliko mito yote. Sasa mtoto anayesema "mawinguni" huku kwetu hajakosea sana.

Mwalimu_wa_Awali
Asanteni sana nyote. Nimeamua kuchukua ubao, glasi na chupa ya rosela. Mchezo wa chembe bado nasita, Fundi_Chembe, na jua linalokunywa bado sijajua nilifanyeje.

Fundi_Chembe
Usisite. Wachezeshe kwanza, neno "chembe" ulitaje baadaye au usilitaje kabisa.

Bibi_wa_Hadithi
Na jua waulize tu: likishakunywa, linayatapika wapi? Watakutafutia wenyewe.

Msomaji_Mkimya
Bibi, hapo unawaongezea hadithi juu ya hadithi, watatafuta tumbo la jua.

Binti_Ubao
Jambo moja la vitendo, mwalimu. Wiki za masika usianze na glasi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi mstari hautashuka kwa kuonekana na watoto watachoka kungoja. Anza na ubao na madaftari, glasi uzitoe mvua zikikatika. Chupa ya rosela, kinyume chake, itatoka jasho vizuri zaidi wiki hizo hizo za mvua.